Zunguka Mapema: Pingamizi na Uamuzi katika Mbio za Mashua za Timu

Katika mbio za mashua za timu, mtu wa kwanza kuamua kama kosa limetendeka ni yule aliyelitenda. Najua wapo watakaoguna. Kwenye soka, beki akimvuta mshambuliaji jezi hanyooshi mkono kujishtaki. Anasikilizia kipenga, na kisipolia anaendelea na kazi yake, na mashabiki wake wanamwona mjanja. Mchezo wa matanga umejengwa juu ya msingi mwingine. Kitabu cha kanuni cha World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo huu, kinachotolewa upya kila baada ya miaka 4, kinasema mwanzoni kabisa kwamba washindani wanatarajiwa kuzifuata kanuni na kuzisimamia wao wenyewe, na kwamba mashua ikivunja kanuni itachukua adhabu yake papo hapo. Waamuzi wanakuja baada ya hapo.

Nimekaa pande zote mbili za mchezo huu. Miaka ya mwanzo nilikuwa baharia wa mbele, nimeshika kamba ya tanga dogo, namsomea nahodha wangu yale yanayotokea upande wa demani, yaani upande unakoelekea upepo, ambako tanga kubwa linamziba macho. Baadaye nikahamia kwenye boti ya waamuzi, kipenga shingoni na bendera mapajani. Ninayoyaandika hapa yametoka kwenye viti hivyo viwili, na wakati mwingine viti hivyo havikubaliani.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu huwezi kuelewa kwa nini watu wanapigania mzunguko mmoja wa mashua, ambao ndio adhabu yenyewe, kana kwamba wanagombea shamba. Kwa kawaida timu ni mashua 3 kwa 3. Kila mashua inapata pointi sawa na nafasi iliyomalizia: wa kwanza 1, wa sita 6. Jumla ya zote ni 21, kwa hiyo timu yenye pointi 10 au pungufu imeshinda, na sare haiwezekani. Hesabu hiyo inazaa mambo ya ajabu. Ukishika nafasi ya 2, 3 na 4 umeshinda bila hata kuwa na mashua iliyoongoza. Ukiwa na 1, 4 na 5 umeshinda kwa unywele. Ukiwa na 1, 4 na 6 umeshindwa, na nafasi ya kwanza haikusaidii kitu.

Ndiyo maana mgeni akitazama mbio hizi anadhani watu wamepotea njia. Mashua inayoongoza inalegeza tanga, linapigapiga hewani, inasimama karibu na boya kumsubiri adui. Haijachoka. Inataka kumchelewesha mpinzani ili mwenzake aliye nyuma apite. Na njia ya kumchelewesha mtu kihalali ni moja tu: uwe na haki ya njia, yeye awe na wajibu wa kukupisha, kisha uitumie haki hiyo vizuri. Katika mbio za kawaida, ambako kila mashua inajipigania, kanuni za kupishana zipo hasa ili watu wasigongane. Katika mbio za timu kanuni hizo hizo ndizo silaha. Mashua inayopata upepo kutoka upande wake wa kulia inapishwa na ile inayoupata kutoka kushoto. Zikiwa na upepo wa upande mmoja na zimekaribiana ubavu kwa ubavu, iliyo goshini, yaani upande unakotoka upepo, inaipisha iliyo demani. Iliyo nyuma kabisa inaipisha iliyo mbele. Watoto wanayajua haya. Kazi iko katika kuyatumia kwenye nafasi ya urefu wa mashua 2, kwa mbio ambazo mara nyingi huisha kwa takriban dakika 10.

Kwa hiyo pingamizi katika mbio hizi si dalili ya ugomvi. Timu nzuri inaenda kuitafuta haki yake. Inamwendea mpinzani mwenye wajibu wa kupisha na kumlazimisha achague. Sina neno na hilo. Nina neno na wanaoigiza: nahodha anayepindisha usukani kwa nguvu kukwepa mashua ambayo wala haikuwa inamjia, huku akipiga kelele kama aliyemwagiwa maji ya moto. Ukiwa kwenye boti ya waamuzi unaliona hilo mapema sana, kwa sababu unaangalia nafasi kati ya mashua, hauangalii kelele.

Utaratibu wenyewe, pale mbio zinaposimamiwa na waamuzi majini, ni mfupi. Anayeona ameonewa anapaza sauti "Protesti!" na kuinua bendera nyekundu mara tu inapowezekana. Kisha, na hili ndilo wengi hawalipi uzito, waliohusika wanapewa muda wa kujibu. Yeyote kati yao anaweza kukubali kosa kwa kuzunguka mara moja: anajitenga na wenzake, anageuza mashua kupitia upepo kwa omo, yaani mbele, na kupitia upepo kwa tezi, yaani nyuma, duara moja kamili, basi, imekwisha. Hakuna kikao, hakuna maelezo. Asipozunguka mtu, ndipo mwamuzi anaamua. Kipenga kirefu na bendera ya kijani na nyeupe: hakuna adhabu. Kipenga kirefu na bendera nyekundu, mwamuzi akimtaja au kumwonyesha mhusika: adhabu. Na adhabu inayotoka kwa mwamuzi ni mizunguko 2.

Mmoja kwa hiari, miwili kwa kulazimishwa. Mfumo mzima umesimama juu ya tofauti hiyo. Aliyeiweka alijua tabia za watu: hakuwahubiria kuhusu uaminifu, aliufanya uaminifu uwe na bei nafuu.

Kuna mbio moja niliyoisimamia ambayo huwa naitumia kuwaeleza vijana jambo hili. Ilikuwa kipande cha mwisho, kutoka boya la nne hadi mstari wa kumalizia, mashua zote zikipiga bisho, yaani zikipanda upepo kwa kukata huku na huku. Njia ilikuwa ile ya kawaida ya mbio za timu, yenye umbo la herufi N ya saa ya tarakimu: unapanda kuelekea unakotoka upepo, unakata kulia, unashuka nao, unakata tena, unapanda, maboya mawili ya kwanza unayaacha kulia kwako, mawili ya mwisho kushoto. Timu ya buluu ilikuwa na nafasi ya 1, 4 na 5. Jumla 10. Njano walikuwa na 2, 3 na 6, jumla 11. Njano wanahitaji nafasi moja tu: mashua yao ya mwisho ipande hadi ya 5 na mbio ni zao.

Mashua ya tatu, ya njano, ikageuza na kuwarudia buluu, upepo kuliani. Buluu wa nne alikuwa anakuja na upepo wa kushoto, kwa hiyo wajibu wa kupisha ulikuwa wake. Njano alishuka kidogo kumwelekea, wakati huo wakiwa bado mbalimbali, kisha akanyooka na kuushikilia mwelekeo wake. Hapo ndipo mimi na mwenzangu tulianza kusemezana kwa sauti, kama ilivyo kazi ya waamuzi: "Njano ana haki. Buluu anapisha. Njano amebadilisha mwelekeo, buluu ana nafasi. Njano amenyooka. Buluu ana nafasi bado. Bado. Buluu anaanza kushuka. Amechelewa." Omo ya buluu ikapangusa tezi ya njano. Mguso mwepesi, hakuna kilichovunjika, lakini mguso. Sauti ikatoka, bendera nyekundu ikapanda.

Sasa mtazame nahodha wa buluu. Hakugusa usukani. Aligeuka nyuma akamfokea njano, "Umeshuka! Umenishukia!" Kisha akatuangalia sisi. Baharia wake wa mbele, binti mwembamba aliyekuwa ameshaanza kulegeza kamba ya tanga lake tayari kwa kuzunguka, akamtazama nahodha, akaivuta tena.

Ni kweli njano alishuka. Kanuni inasema mwenye haki ya njia akibadilisha mwelekeo lazima ampe mwenzake nafasi ya kumpisha. Nafasi ilikuwepo, tena ya kutosha, buluu hakuitumia. Tulingoja kidogo, hakuna aliyezunguka, tukapuliza na kuinua nyekundu. Buluu akalazimika kuzunguka mara mbili. Wakati anamaliza duara la pili, mwenzake wa tano alikuwa ameshampita, na njano wa sita naye akampita. Buluu wakamaliza 1, 4 na 6.

Fanya hesabu ya upande wa pili. Angezunguka mara moja pale pale, angepitwa na mashua iliyokuwa mgongoni mwake, nayo ilikuwa ya timu yake. Njano wa sita alikuwa mbali mno kufaidika na duara moja. Wa tano angekuwa wa nne, yeye angekuwa wa tano, na buluu wangebaki na 1, 4 na 5 kama walivyokuwa. Kosa lake lingewagharimu sifuri. Kilichowagharimu mbio ni zile sekunde za kutuangalia.

Baada ya kuona mambo ya namna hii mara kadhaa, nilipokuwa napata nafasi ya kurudi mashuani nilipigania jambo moja kwenye timu: uamuzi wa kuzunguka usiwe wa nahodha. Nahodha ndiye mwenye hasira, ndiye aliyekuwa anapigana, na mara nyingi tanga limemziba asione kitu. Baharia wa mbele ndiye aliyeona. Tukakubaliana kwamba akisema "zunguka", nahodha anasukuma usukani bila kujibu, na maneno yatakuja nchi kavu. Manahodha hawakulipenda. Mmoja aliniambia anajisikia kama dereva anayeendeshwa na abiria. Lakini tulizunguka haraka, na tukaanza kuzunguka mahali pazuri, kwa sababu ukiamua mapema unajichagulia pa kujitenga. Ukingoja kipenga unakuta umeshabanwa katikati ya kundi na huna pa kuanzia duara.

Hata hivyo simwambii mtu azunguke kila aliposikia "Protesti!" Hilo nalo ni zawadi kwa mpinzani, na kuna timu zinazopiga kelele kwa sababu zinajua vijana wapya wanaogopa kelele. Kama una hakika hukukosea, kaa kimya uendelee, acha waamuzi waseme. Kwa maoni yangu swali la kujiuliza ni hili: ningekuwa mwamuzi nimekaa mita 20 kutoka hapa, ningeona nini? Usijiulize kilichokuwa moyoni mwako wala ulichopanga kufanya. Mwamuzi haoni nia. Anaona pengo la maji kati ya mashua mbili, anaona usukani ulisogea lini.

Na upande wa anayelalamika: sema papo hapo, na bendera iwe mahali mkono unafika bila kutafuta. Nimeona bendera zimekunjwa vizuri ndani ya mfuko wenye zipu, ndani ya koti la kujiokolea. Wakati mtu anafungua zipu mashua zimeshapita boya, na pingamizi lenye haki linakufa kwa sababu ya mshono.

Sasa nihamie kwenye boti ya waamuzi, maana huko nako kuna mengi ya kusemwa na wachache wanaosema.

Mwamuzi mzuri kazi yake kubwa ni kuwa mahali sahihi kabla jambo halijatokea. Mashua ndogo kama Firefly, ile iliyobuniwa na Uffa Fox mwaka 1946 na ambayo bado inatumika kwenye mashindano ya timu ya Wilson Trophy kule West Kirby, Uingereza, ina urefu wa mita 3.66 tu. Kwa ukubwa huo, ukikaa nyuma ya mashua mbili huwezi kujua pengo kati ya omo ya moja na tezi ya nyingine. Ukikaa ubavuni mwao huwezi kujua kama zinagusana. Lazima usogee, na usogee bila kuwamwagia mawimbi ya injini, hasa upepo ukiwa mdogo. Nimeona boti ya waamuzi ikiamua mbio kwa mawimbi yake kuliko kwa bendera zake, na hakuna kanuni ya kumpa mshindani mzunguko wa kumlipiza mwamuzi.

Jambo la pili ni yale mazungumzo. Asiyewahi kukaa kwenye boti hiyo anadhani waamuzi wanakaa kimya mpaka bendera ipande, kisha wanashauriana. Ukifanya hivyo umechelewa. Mnasema muda wote, mbele ya tukio: nani ana haki, nani anapisha, nani yuko nyuma kabisa, nani ameingiza omo yake mbele ya tezi ya mwenzake. Mmoja akisema mwingine anaitikia au anakataa. Bendera nyekundu inapopanda, jibu tayari lipo midomoni mwenu, linabaki kutolewa.

Mazungumzo hayo yanazaa kanuni ambayo washindani wengi huiona ni dhuluma mpaka waelezwe. Waamuzi wanashikilia hali ya mwisho waliyokuwa na hakika nayo, na hawaibadilishi mpaka wawe na hakika kwamba imebadilika. Boya la tatu, siku moja, mashua mbili zinashuka na upepo nyuma. Njano mbele, buluu nyuma. Katika mbio za timu eneo la boya ni urefu wa mashua 2 kulizunguka, si 3 kama ilivyo katika mbio za kawaida, kwa hiyo kila kitu kinatokea kwa kubanana. Buluu anaukimbilia upande wa ndani wa boya. Kama omo yake imevuka mstari wa tezi ya njano kabla njano hajaingia eneo hilo, buluu anapewa nafasi ya kupita ndani. Kama bado, hana haki hiyo.

Wakati huo huo njano akageuza usukani kidogo ili apunguze mwendo. Tezi yake ikayumba. Ule mstari wa kufikirika unaokatiza nyuma yake, ambao ndio kipimo cha nani yuko nyuma na nani yuko ubavuni, ukayumba nao kama mlango. Kwa kufumba na kufumbua ilionekana buluu ameingia, kisha hajaingia. Tulikuwa tumekaa pembeni kidogo, si sawasawa na mstari. Mwenzangu alikuwa akisema "buluu nyuma, buluu nyuma", kisha akanyamaza. Buluu akajipenyeza ndani, njano akalazimika kutanua, akapaza sauti na kuinua bendera. Buluu hakuzunguka. Tukampa buluu adhabu.

Mbio zilipokwisha nahodha wa buluu akaja ubavuni mwa boti yetu. Kwa heshima kabisa, lakini uso umemwiva.

"Waamuzi, mna hakika hatukuwahi kuingia?"

"Hatuna hakika hiyo," nikamjibu.

"Sasa adhabu ya nini?"

"Tuna hakika mlikuwa nyuma. Hatukupata hakika kwamba hilo lilibadilika kabla ya eneo la boya."

Alinyamaza kidogo, akauliza kama ni mimi niliyeibuni. Sikuibuni. Kanuni za kuzunguka boya zenyewe zinasema ukiwepo wasiwasi wa maana kama mashua iliwahi kuingia ubavuni, ichukuliwe haikuwahi. Aliyekuja kudai haki mpya ndiye anayepaswa kuifanya ionekane. Kwa hiyo wanaosema "mwamuzi akiwa na shaka ainue kijani na nyeupe" wamepata nusu. Shaka kuhusu kama kosa limetendeka inakupeleka kwenye kijani na nyeupe. Shaka kuhusu kama hali ya mashua imebadilika inakurudisha kwenye hali ya zamani, na hali ya zamani inaweza kabisa kumtia mtu hatiani. Nahodha ambaye ameshaelewa hivyo hajipenyezi ndani kwa unywele. Anaingia mapema, kwa namna ambayo hata mtazamaji wa ufukweni angeiona.

Yapo machache ambayo mwamuzi anayaanzisha mwenyewe bila kungoja bendera ya mtu. Mashua ikigusa boya ikajifanya haikugusa. Mashua ikisukumwa kwa kutikiswa mwili na kupigiwa tanga badala ya kuachia upepo ufanye kazi. Mtu aliyepewa mizunguko akazunguka kwa kudokoa. Na mashua za timu moja zikikoseana: kati ya wenyewe kwa wenyewe hakuna adhabu ya kutopishana ikiwa hawakugusana, maana kanuni inawaruhusu kusaidiana, lakini wakigusana mmoja wao lazima azunguke, na wasipozunguka kipenga kitalia. Hili la mwisho linawaponza wengi. Watu wanadhani rafiki hawezi kukushtaki kwa hiyo limepita.

Kuhusu vikao vya ndani, msimamo wangu ni mkali na sina mpango wa kuulainisha. Mbio za timu hazifai kuamuliwa chumbani. Nimeshiriki mashindano yasiyokuwa na waamuzi majini, ambako pingamizi zote zilipelekwa jioni mbele ya kamati. Mnakaa mezani na vimashua vya plastiki, kila mmoja anasukuma cha kwake, na inavyoelezwa unashangaa: kila nahodha alikuwa na haki ya njia, na kila mashua ilikuwa mbali kidogo kuliko ilivyokuwa mchana. Kamati inafanya inachoweza. Aliyekosa na hakuzunguka anaongezewa pointi 6, na kwa hesabu ya mbio za timu hizo ni kifo.

Lakini shida si wajumbe wa kamati, wala si watu kusema uongo. Shida ni kwamba mbio yenyewe imeshapotea. Timu inacheza kulingana na hesabu inayoiona majini. Ukijua mwenzako amepewa mizunguko 2, unageuka nyuma kwenda kumwokoa, au unamwachia na kwenda kumziba mwingine. Adhabu iliyotolewa dakika ile ni sehemu ya mchezo. Wote watano waliobaki wanaijibu. Adhabu ya jioni inabadilisha matokeo ya mchezo ambao hakuna aliyeucheza. Mara moja timu yetu ilipewa ushindi namna hiyo, watu wakiwa wameshakunja matanga na wengine wameshaondoka. Sikujua niupokee kwa uso gani.

Ipo njia ya kati, na pale ambapo waamuzi ni wachache naikubali: mwamuzi ambaye hakuona vya kutosha anainua bendera ya njano na kupuliza, maana yake sina ushahidi wa kuamua, na mlalamikaji anabaki na haki ya kikao. Naiona ni bora mara kumi kuliko mwamuzi anayebahatisha. Ila waandaaji wasiifanye mto wa kulalia. Boti moja ya waamuzi ikisimamia mashua 6 zilizotawanyika kati ya boya la kwanza na la nne itainua njano mchana kutwa, na jioni mtakuwa kwenye vimashua vya plastiki tena. Chumba kiachiwe yale yanayokihitaji kweli: mashua iliyovunjwa, mtu aliyeumia, tabia isiyo ya kiungwana. Kwa hayo mwamuzi ana bendera nyeusi ya kuarifu kwamba analipeleka suala kwa kamati, na adhabu zake zinaweza kugusa ushindi wa timu nzima, kama inavyostahili.

Baada ya mbio, waamuzi waende kuongea na mashua. Wapo wanaoona kwamba kueleza ni kujishusha, kwamba uamuzi ukishatoka umetoka. Mimi naona kinyume. Maelezo ya sentensi mbili, ulichoona na kanuni uliyoitumia, yanatosha, na yanapunguza manung'uniko ya siku nzima. Ubishi usiruhusiwe, maswali yaruhusiwe. World Sailing ina kitabu cha maamuzi ya mbio za timu chenye mifano ya matukio na majibu yake, swali likiwa gumu mnalitafuta humo pamoja. Nimewahi kujifunza jambo kutoka kwa kijana aliyekuja nacho kimelowa chapachapa, kidole kwenye ukurasa.

Limebaki moja ambalo mimi na mwenzangu wa boti hatujalimaliza. Kanuni inasema waliohusika wapewe muda wa kujibu; haisemi sekunde ngapi. Mwenzangu anapuliza haraka. Hoja yake ni kwamba kila sekunde tunayosubiri aliyeonewa anaendelea kuumia, na aliyekosa anazidi kujenga faida. Mimi nasubiri zaidi. Nikipuliza kabla nahodha hajapata nafasi ya kujitenga na kundi, nimemnyang'anya ule mzunguko mmoja wa hiari, na nimemfundisha kwamba kujishtaki hakuna maana kwa sababu mwamuzi atamtangulia. Yeye hutazama saa. Mimi hutazama mkono wa nahodha kwenye usukani na mkono wa baharia kwenye kamba ya tanga dogo. Kamba ikilegea, nangoja, hata kama bado hawajaanza kugeuza. Ikikazwa tena, napuliza. Ananiambia siku moja watanichezea, watakuwa wanalegeza kamba ili kununua muda. Inawezekana. Msimu ujao tumepangwa pamoja tena, na tumekubaliana kwamba atakayekuwa ameshika bendera ndiye atakayehesabu.